Tupeane uzoefu: mechi ya timu yetu ya Toyoyo ambayo haijakutoka kichwani

Kona ya Jericho

Wazee, mabinti, na nyinyi mliohamia Syokimau mkajifanya hamjui Jogoo Road iko wapi, hamjambo.

Juzi nilipita uwanja wa Camp Toyoyo, hapa Jericho, jioni nikakuta vijana wanapiga mpira juu ya nyasi bandia. Nikamwambia mmoja kwamba hapa zamani palikuwa vumbi tupu, ukianguka unaamka na goti la rangi ya tofali. Akaniuliza, kwani ni timu gani ilikuwa inacheza hapa? Nikamtajia. Hajawahi kuisikia hata siku moja.

Jina nimeliacha makusudi. Nafasi yetu kwenye ligi iliuzwa, walionunua wakabadilisha jina, wakabadilisha rangi, wakahama. Wenye timu yao wanaijua. Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards) historia yao iko kwenye magazeti. Sisi wa Nationwide, ligi ya chini ya ligi kuu, tulikuwa tunapewa mstari mmoja Jumatatu, na matokeo yenyewe yamekosewa. Kwa hivyo kama mechi zile hazimo vichwani mwetu, hazimo popote. Leteni.

Naanza. Novemba, mechi ya mwisho ya msimu, tusiposhinda tunashuka daraja. Wageni wametoka Machakos. Mvua imenyesha tangu saa sita, uwanja umekuwa uji wa wimbi. Dakika ya 70 tuko nyuma 2-1. Tukapata penalti, tukasawazisha. Halafu kona ya mwisho kabisa, giza limeanza kuingia, kiungo wetu mkabaji, yule aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma Gikomba, akaruka juu ya watu wote akapiga kichwa. Wavuni. 3-2. Nilipoteza kiatu kimoja nikishangilia, nikarudi mtaa wa Jerusalem na kandambili ya kuazima. (Ndiyo, kutoka Jericho hadi Jerusalem ni dakika tano kwa mguu, hatuhitaji punda.)

58 Buru

Siku hiyo nilikuwa nyumbani nafua. Nguo zenyewe hazikukauka, si ilikuwa mvua. Sina la kuongeza.

Mchambuzi wa Kibanda

Kona, heshima zako, lakini bao lile la tatu halikuingia. Mimi nilisimama upande ule wa wageni kwa sababu shemeji yangu ni wa Machakos na ndiye aliyenilipia kiingilio. Wavu wa goli la upande wa barabara ulikuwa na tundu ambalo mbuzi angepita. Mpira ulitoka nje ya mlingoti, ukaingilia kwenye lile tundu la ubavuni, ukatulia ndani kama uliozaliwa humo. Nyinyi mkapiga kelele, refa akaweka kati. Shemeji hadi leo tukikutana kwa matanga hunikumbusha.

Refa Mstaafu

Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kuna nini. Kipyenga cha siku hiyo nilikuwa nacho mimi.

Kwanza, halikuwa bao la kichwa. Ulikuwa ni bega. Bega ni halali, kwa hivyo msianze. Pili, mnazungumza kana kwamba kulikuwa na kamera sita. Nationwide ile mlikuwa mnaletewa refa mmoja, washika vibendera wawili, na mmoja wao siku hiyo alikuwa amechelewa matatu akaja kipindi cha pili. Aliyeshika kibendera kipindi cha kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya karibu, aliombwa tu.

Habari ya tundu nitarudi baadaye. Posho yangu ya mechi hiyo naisubiri bado.

Binti wa Makongeni

Mimi baba alikuwa ananibeba kwenda Toyoyo tangu niko darasa la pili, mama akijua tumeenda kanisani mkutano wa jioni. Mechi yangu siyo ya Machakos, ni ile ya ambulensi.

Wachanga hawajui: kanuni inasema bila ambulensi uwanjani mechi haianzi, na mwenyeji ndiye wa kuileta. Asipoileta anapoteza mechi mezani, wageni wanakwenda na pointi zote tatu na mabao ya bwerere. Sasa siku hiyo saa tisa imefika, timu zote mbili zimepasha misuli hadi zimechoka, ambulensi hakuna. Tuliyoahidiwa imekwenda kwingine. Refa anaangalia saa, wageni wamekaa chini wanatabasamu, wanajua.

Kofia ikazungushwa. Baba akatoa nauli yetu, nikaiona mwenyewe ikienda, noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne. Mama muuza mayai boilo akatoa sarafu zote za kwenye kopo la chumvi na hakuhesabu. Mtu akakimbia na boda, na baada ya muda tukaisikia king'ora ikitokea upande wa Jogoo Road. Uwanja mzima tulisimama tukaishangilia kama vile ndiyo imefunga bao.

Dereva mwenyewe alikuja akiwa amenuna, akasema yeye anakaa ndani ya gari na hana habari na mpira. Dakika ya 30 alikuwa nje. Kipindi cha pili alikuwa amepanda kwenye bampa. Tulipofunga la kwanza akaruka ndani akawasha king'ora, refa akasimamisha mchezo akaenda kumwonya, na nusura ampe kadi. Tulishinda 1-0. Tukatembea kwa miguu hadi Makongeni, baba ananiambia tukifika nyumbani mahubiri yalikuwa juu ya Msamaria Mwema.

58 Buru

Hiyo nilikuwepo! Nilichanga shilingi 20!

Dereva wa Nganya

Nyie mnakumbuka za nyumbani tu. Nani anakumbuka safari?

Nilikuwa naendesha ile matatu tuliyokodishiwa timu, ya watu 14, wakapakiwa 19 na mipira. Tunaenda Eldoret, mechi saa tisa. Tumetoka Nairobi saa kumi za usiku. Naivasha sawa, Nakuru sawa, tukapita Salgaa nikaanza kusikia injini inakohoa. Kupanda Timboroa gari likakataa kabisa. Baridi ya pale mnaijua, ukipumua unaona. Wachezaji wakashuka wakasukuma, kikosi cha kwanza kizima, kocha akipiga kelele "akiba ndio wasukume, akiba!" Akiba walikuwa watatu.

Tulifika saa tisa kasoro kumi. Wakavaa jezi ndani ya gari. Hapo ndipo kipa akagundua glavu zake zimebaki Nairobi kwenye kamba ya nguo. Nilikuwa na glavu za mjengo chini ya kiti, zile za kitambaa zenye vidoti vya mpira kwenye kiganja, za kubadilishia gurudumu. Akazivaa. Moja ilikuwa na grisi.

Tulifungwa nne. La pili mpira ulimteleza mkononi kama sabuni, akageuka akaniangalia mimi, siyo mabeki, mimi. Eldoret hewa yenyewe nyepesi, vijana waliosukuma gari mlimani wangekimbia na nini? Kurudi tulikula githeri Nakuru saa tano usiku, kimya, hadi kipa akaanza kucheka mwenyewe, na tukacheka wote mpaka Gilgil. Jumanne yake alinirudishia zile glavu zimefuliwa na kuanikwa vizuri. Ninazo.

Mtoto wa Mathare

Samahani kuingilia. Mnalia kama vile timu ya chini haiwezi kuandikwa. Mathare United ilichukua Kombe la Moi Golden mwaka 1998 ikiwa bado haijaingia ligi kuu. Kariobangi Sharks walikuwa hukohuko chini, wakapanda wakaanza ligi kuu 2017, na Julai 2019 Everton wakaja Kasarani wakatoka 1-1 na kupigwa kwa penalti 4-3. Nilikuwepo zote mbili.

Kona ya Jericho

Karibu ndugu, hizo ni mechi tamu. Lakini hizo zimeandikwa, hata umetupa tarehe. Sisi hapa hatukubaliani hata kama mpira uliingia.

Ingwe Damu

Mimi ni wa AFC, sifichi. Ingwe iliposhuka baada ya msimu wa 2006 hadi iliporudi ligi kuu 2009, nilijifunza viwanja ambavyo sikujua vipo. Watu wa isukuti wanafika mahali hapana hata jukwaa, wanapiga ngoma wamesimama kwenye kichuguu.

Jumapili moja Ingwe haikuwa na mechi, nikaja Toyoyo kuwaangalia nyinyi kwa sababu ya kuzoea tu. Sikumbuki mlicheza na nani. Ninachokumbuka ni mzee mmoja mwenye koti la mvua la kijani, alikuwa na tarumbeta yenye kinywa kilichofungwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Alikuwa anapiga noti mbili tu. Kila mchezaji alikuwa na mpangilio wake wa zile noti mbili, na wachezaji walikuwa wanaijua ya nani ni ya nani. Beki wenu wa kulia akachoka, mzee akampigia yake, jamaa akapanda tena. Nilikuja mara tatu zaidi kwa sababu ya huyo mzee.

Binti wa Makongeni

Mzee wa Tarumbeta! Ya winga wa kushoto ilikuwa fupi-fupi-ndefu. Watoto tulikuwa tunaiimba tukienda shule bila kujua tunamuita nani.

Kona ya Jericho

Alifariki, kama hamkupata habari. Mazishini watu wa mtaa walijaribu kuipiga, hakuna aliyeweza kuitoa sauti.

Mchambuzi wa Kibanda

Pole sana. Mzee alikuwa mtu. Lakini nasema hivi kwa heshima ya marehemu: naye alikuwa upande ule wa barabara siku ya Machakos, na baada ya lile bao hakupiga. Kamuulizeni aliyekuwa karibu naye. Bao la kubaki kwenye ligi, na tarumbeta kimya? Kwa nini?

Kona ya Jericho

Kwa sababu mvua ilikuwa imejaa ndani ya tarumbeta!

Fundi wa Wavu

Nimekuwa nikisoma tu tangu jana, sikutaka kuandika. Mimi ndiye nilikuwa nafunga wavu. Nilikuwa na miaka 12, kazi yangu ilikuwa kufika saa saba, kupanda kwenye ndoo, kufunga wavu kwa kamba ya katani, na baada ya mechi kuufungua na kuukunja. Malipo yangu yalikuwa kuingia bure na soda moja.

Lile tundu ni langu. Kamba ya ubavuni niliikata wiki moja kabla nikaenda kufungia mpira wetu wa majuala, kwa sababu ile kamba ya manila tuliyokuwa tumeufungia mwanzo ilikuwa inatuumiza vidole. Nilipanga kurudishia nyingine, nikasahau. Siku ya mechi nikaziba kwa gunia la viazi, mvua ikalichomoa.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya goli. Kona ikaja, nikaona miguu na matope, mpira ukatokea ukanipiga hapa kifuani. Kipa wa Machakos akaruka juu anapiga kelele kwamba umepita nje. Watu wetu wanapiga kelele kwamba umeingia ukatokea tunduni. Mchambuzi anakumbuka mpira ulitulia ndani ya goli, lakini haukutulia popote, ulikuwa mikononi mwangu. Ndipo refa akaja akikimbia, akapita wachezaji wote, akainama akaniuliza, "Kijana, umepita wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, ndani.

58 Buru

Sasa uliona umeingia au hukuona?

Fundi wa Wavu

Nilikuwa na miaka 12 na jezi ya timu mgongoni, namba 9, ya kushonewa na mama.

Refa Mstaafu

Jezi niliiona. Ilikuwa imenifikia usoni, namba tisa yenyewe imeshonwa imepinda. Kulikuwa na giza, mshika kibendera wa upande ule alikuwa ameteleza amekaa chini anatafuta kibendera chake kwenye maji, na nyuma yangu kuna watu wa Eastlands mia kadhaa ambao timu yao inashuka. Nilikuwa naweza kumuuliza kipa. Niliamua kumuuliza mtoto.

Kwenye ripoti niliandika bao safi, kiungo wa nyumbani, dakika ya 90.

Mchambuzi wa Kibanda

Namtumia shemeji huu uzi sasa hivi.

Kona ya Jericho

Mtumie. Tatu kwa mbili. Mwenye malalamiko alete wavu.