Likizo ya Machi: chuo kisogee kifuate shule za mtaani, au kila mmoja abaki na kalenda yake?

Mleta mada, Michigan

Wakuu, habari za majukumu. Jambo hili tunalilalamikia kila mwaka kwenye vikao vya harusi na misiba, theluji ikiyeyuka tunalisahau. Leo naomba tulijadili mpaka mwisho.

Naishi mji wa chuo. Nasoma shahada ya uzamivu na kusimamia vipindi vya maabara ya kemia. Nina watoto wawili, darasa la kwanza na la nne. Baba yao yuko Dodoma kikazi. Chuo chetu kilifunga wiki ya kwanza ya Machi, ile likizo wanayoiita ya machipuko ingawa nje bado unakoroga theluji kwa buti. Wiki nzima nilikuwa nyumbani peke yangu, watoto wako shule, nasahihisha ripoti. Wiki tatu baadaye shule zikafunga, na mimi nina maabara siku tatu. Siku ya kwanza jirani alinisaidia. Ya pili nikamlipa binti wa watu, na hela yenyewe ilikuwa ya umeme. Ya tatu niliwakalisha kwenye korido na madaftari ya kuchora, kwa sababu ndani kuna asidi na mtoto haruhusiwi kukanyaga. Kila dakika chache natoka kuchungulia. Mwanafunzi akaniuliza jambo kuhusu kipimo chake, na hata nusu ya swali sikuisikia.

Hili si la mji wangu tu. Ann Arbor kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, na East Lansing kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, hali ni hiyo hiyo: chuo hupumzika mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, shule za mji huo huo hupumzika mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Chuo kinahesabu muhula wake kuanzia Januari na kuukata katikati. Shule zinaangalia Pasaka na mwisho wa robo ya tatu ya mwaka wa masomo. Hakuna anayemtazama mwenzake, na mzazi aliye pande zote mbili anakatika katikati.

Wala msiseme haiwezekani. Champaign na Urbana kule Illinois, kwa kawaida wiki ya chuo na wiki ya shule ni moja, katikati ya Machi. Austin, Texas, hivyo hivyo.

Hoja yangu ni kwamba chuo ndicho kisogee. Shule haiwezi kusogea peke yake hata ikitaka. Sheria ya Michigan, tangu mwaka wa masomo 2007–2008, inaitaka bodi ya elimu ya kila eneo, ambalo mara nyingi ni kaunti nzima, ipange kalenda moja yenye tarehe za likizo ya Krismasi na likizo ya machipuko. Ukitaka kuisogeza shule moja unagusa shule za kaunti yote, pamoja na vijiji ambavyo havina habari na chuo. Chuo ni kimoja na kalenda yake kinaipanga chenyewe.

Karibuni. Mnaopinga, nipeni sababu.

Baba wa mmoja, Michigan

Dada, pole sana kwa ya korido. Lakini mimi napinga, na sababu yangu iko kwenye viza.

Sisi wa viza ya mwanafunzi tunaruhusiwa saa 20 tu za kazi kwa wiki ndani ya kampasi masomo yakiwa yanaendelea. Chuo kikifunga rasmi, tunaruhusiwa kufanya muda wote. Wiki ya Machi ndiyo wiki yangu ya kupiga saa 40 maktaba. Mtoto yuko shule mpaka mchana, mke wangu anamchukua. Viza ya mke haimruhusu kufanya kazi, kwa hiyo hizo saa 40 ndizo zinazotununulia matairi na kutuma kidogo nyumbani. Mkiunganisha wiki, mtoto yuko sebuleni kutwa na mama yake hana pa kumpeleka kwenye baridi. Saa zangu nitazifanya, sikatai, ila nyumba itakuwa moto.

Mchangiaji, Lyon

Ongezeni na bei. Huku Ufaransa shule zimegawanywa kanda A, B na C. Sisi Lyon tuko A, Paris ni C, na likizo za majira ya baridi na za machipuko zinapishanishwa makusudi ili barabara za milimani na hoteli zisielemewe. Nyinyi mnataka mji mzima uondoke siku moja. Mtaisikia kwenye tiketi.

Mleta mada

Kaka wa Lyon, wengi wetu hapa hatuendi popote. Wiki hiyo ni ya kulala na kufua. Lakini kwa wenye safari nimekuelewa.

Mwalimu, mzaliwa wa Mombasa, anafundisha Michigan

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Niseme kutoka ndani ya darasa.

Kalenda zikipishana, mimi naona viti vitupu mara mbili. Wazazi walioajiriwa chuoni wakipata wiki yao ya mwanzo wa Machi, baadhi yao huwachukua watoto na kuondoka, shule iko wazi. Mtoto anakosa siku tano za hesabu, na akirudi tumeshafika kwenye sehemu na desimali. Halafu mwisho wa Machi anafunga tena na wenzake. Simlaumu mzazi, hiyo ndiyo wiki pekee aliyopewa akae na mwanawe.

Kwa hilo namuunga mkono dada. Ila wapo wanaosema shule ndiyo irudi nyuma mpaka mwanzo wa Machi. Hao sikubaliani nao kabisa. Tunafundisha mpaka Juni. Ukifunga mwanzo wa Machi, unabaki na wiki zaidi ya kumi na mbili mfululizo kabla ya kufunga mwaka, na mitihani ya jimbo imo humo humo, Aprili na Mei. Mtoto wa miaka saba hawezi. Mwalimu naye hawezi.

La pili, mnasema shule zinafuata Pasaka. Ni kweli kwa kiasi, lakini Pasaka yenyewe haikai mahali pamoja, inatembea kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 Aprili 20. Kalenda ikiifuata, chuo kitalazimika kuikimbiza. Ndiyo maana wilaya nyingi zimeng'ang'ania wiki moja ya mwisho wa Machi, Pasaka iwepo isiwepo. Hiyo ndiyo nafasi yenu: wiki isiyotembea, chuo kinaweza kuifuata.

Na sisi Waislamu msitusahau. Idi ya mfungo wa Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia Machi 30 au 31, kutegemea mwandamo. Dearborn shule zinafunga kwa ajili ya Idi. Miji yetu mingine, mzazi anaandika barua. Kama mnakaa meza moja, hilo nalo liwe juu ya meza.

Mhadhiri, Morogoro

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nasoma nikiwa mbali lakini jambo lenyewe nalijua. Huku shule zetu zinaanza Januari, likizo ndefu ni Juni na Desemba. Chuo kinaanza mwaka wake karibu Oktoba au Novemba. Nimelea watoto watatu ndani ya kalenda mbili zisizojuana na sijawahi kumkalisha mtoto kwenye korido. Kwa nini? Shule zikifunga, wanapanda basi kwenda kwa bibi Mahenge. Asiyekwenda kwa bibi, shangazi anakuja. Kuna dada wa kazi. Kuna jirani ambaye humlipi, naye akiugua unampikia uji.

Kinachokuumiza, binti yangu, ni kukosa shangazi, na kalenda unaisingizia tu. Ukisogeza wiki moja utabaki na siku za theluji shule zinapofungwa ghafla, siku za semina za walimu, na miezi miwili na nusu ya kiangazi. Jengeni umoja wa kupokezana watoto. Familia tano, kila moja siku moja. Hakuna profesa wa kuombwa ruhusa.

Mleta mada

Shikamoo Profesa. Maneno yako yameniingia, na huo umoja tutaujaribu. Lakini ona ugumu wake. Familia tano tulizonazo, nne ziko chuoni, kwa hiyo wiki ya mwisho ya Machi wote wanne tuna vipindi saa zile zile. Nyumbani shangazi anaweza kwa sababu siku yake haifanani na yangu. Huku tumefanana mno. Bibi naye nimemwombea viza mara mbili.

Mama wa wanne, kutoka Bukavu, yuko Lansing

Jambo yenu wote. Nimesoma tangu juu, na mnajadili kama watu wenye mshahara wa mwezi.

Mimi napika kwenye bwalo la wanafunzi. Nalipwa kwa saa. Wanafunzi wakienda likizo, bwalo karibu lote linafungwa, na saa zangu zinakwenda nazo. Wiki hiyo ya Machi mfuko wangu unapata karibu na sifuri. Nimeizoea, najiwekea akiba tangu Januari. Lakini watoto wangu wako shule. Michigan, tangu mwaka wa masomo 2023–2024, mtoto wa shule ya serikali anakula asubuhi na mchana bure. Wanne mara milo miwili mara siku tano, hesabuni wenyewe. Ni milo 40 ambayo sikuipika wiki ambayo sina saa.

Mwisho wa Machi watoto wako nyumbani, hiyo milo 40 inarudi kwangu. Lakini wiki hiyo niko kazini, saa kamili. Mkubwa ana miaka 14, anawaangalia wadogo, naacha wali na maharage. Tunapita.

Sasa dada anataka wiki hizi mbili ziwe moja. Sina saa, na watoto wanne wako mezani, wiki ile ile. Yeye atapumzika na watoto wake, na mimi namfurahia. Mimi nitakaa na wangu tukitazama friji. Wanaofagia, wanaoosha mabweni na wanaoendesha mabasi ya kampasi muwaulize pia. Wengi wetu tunaongea Kiswahili hiki hiki, lakini kwenye mikutano ya kalenda sijawahi kuona tukiitwa.

Baba wa mmoja, Michigan

Mama, asante. Hapo nimenyamaza.

Mleta mada

Mama, nimesoma maneno yako usiku, nikayarudia asubuhi kabla sijajibu. Miaka mitatu nakula kwenye mabwalo hayo na sikuwahi kujiuliza wapishi wanalipwaje tukiondoka. Nakuomba radhi kwa hilo.

Hoja yangu ya kusogeza bado ninayo, ila siwezi kuileta tena kama nilivyoileta. Niiseme upya. Chuo kikisogeza likizo yake kuja wiki ya shule, basi wapishi na wasafishaji wa kulipwa kwa saa walipwe saa zao za kawaida wiki hiyo, na bwalo moja libaki wazi, watoto wa mji wale mchana. Chuo chenye majiko ya kulisha maelfu kinaweza kulisha watoto wiki moja. Kisipokubali hayo, wiki zibaki zilivyo, na sisi wa maabara tuombe jambo dogo: wiki shule zinapofungwa, msaidizi mwenye mtoto aruhusiwe kubadilishana kipindi na mwenzake bila kuandika barua tatu.

Kuna swali nimeulizwa pembeni: kwa nini tusilipeleke bungeni, jimbo lilazimishe? Halitaweza. Katiba ya Michigan ya 1963 inavipa vyuo vikuu hivi mamlaka ya kujiendesha, na sheria ile ya kalenda inagusa shule tu. Lakini wajumbe wa bodi za juu, wanane pale Ann Arbor na wanane East Lansing, huchaguliwa kwa kura za wananchi wa jimbo zima. Wengi wetu hatuna kura. Hata hivyo mikutano yao ya hadhara iko chini ya sheria ya mikutano ya wazi ya 1976, na sheria hiyo inampa mtu nafasi ya kusimama na kusema. Haiulizi pasipoti. Bodi za shule na za kaunti vilevile. Mwalimu, wewe unaijua bodi ya kaunti, naomba utuongoze huko. Mimi nitakwenda ya chuo.

Mwalimu, mzaliwa wa Mombasa

Nitakuwepo inshallah. Nendeni mapema, kalenda za miaka ijayo hupangwa kabla hamjaziona. Ukingoja mpaka Machi uanze kulia, wanakuambia imeshapita.

Mama wa wanne, kutoka Bukavu

Dada, radhi umepata. Lakini sharti huwa linasahaulika njiani. Mtapeleka mambo matatu, watachukua moja, la wiki, hayo mawili watasema wanayachunguza. Mimi nataka la mshahara litangulie kwenye karatasi, la chakula lifuate, la wiki liwe la mwisho.

Mleta mada

Nimekubali. Nitaandika kwa mpangilio huo. Twende wote, Mama, wewe useme mwenyewe?

Mama wa wanne, kutoka Bukavu

Mikutano yao ni asubuhi siku za kazi, na asubuhi niko jikoni. Nitakutumia sauti kwenye simu. Uandike kama nilivyosema, na ile milo 40 usiitoe.