Tupeane uzoefu: kompaila ipo, configure inasema haipo

Fundi_Sambamba:
Wakuu, salaam. Kila wiki naona mtu kakwama palepale akijenga Open MPI au MPICH (maktaba za MPI, za programu kuwasiliana zikifanya kazi sambamba kwenye mashine nyingi) kutoka kwenye sosi kodi. Ukiandika gcc --version kompaila inajibu vizuri tu, ukiendesha ./configure, skripti ya kukagua mashine kabla ya kujenga, inagoma: "C compiler cannot create executables". Wengi wanakimbilia kusakinisha gcc upya, na hali inabaki vilevile.

Configure haitosheki na kuona gcc ipo. Inaandika kiprogramu kidogo, conftest.c, inakikompaili, inakiunganisha, halafu inajaribu kukiendesha. Pakikwama popote hapo, lawama anabebeshwa kompaila.

Yangu ilikuwa ndani ya konteina ya Debian. Aliyeiandaa aliweka gcc kwa --no-install-recommends ili iwe nyepesi, kwa hiyo libc6-dev, yenye faili za maktaba ya C za kujengea programu, ikaachwa nje. Kwenye skrini huoni hilo. Fungua config.log, ruka ule msururu wa vigeu uliojazwa mwishoni, panda juu kidogo: ld, kiunganishi chenyewe, inalalamika haioni Scrt1.o wala crti.o. Nikaweka build-essential, inayokuja na libc6-dev, ikapita.

Leteni zenu. Na tafadhali, mtu asibandike mstari wa mwisho wa skrini akategemea tupige ramli.

dada_wa_seva:
Mimi ni Fortran. Kuanzia GCC 10, iliyotoka 2020, gfortran, kompaila yake ya Fortran, inakataa subrutini moja kuitwa mara na namba nzima, mara na desimali. MPI yenyewe inaishi kwa mtindo huo, bafa (eneo la data) ya MPI_Send, amri ya kutuma ujumbe, inapokea chochote. MPICH za zamani, kama 3.3, zinasimama hapo kwenye configure. Dawa:

FFLAGS=-fallow-argument-mismatch FCFLAGS=-fallow-argument-mismatch ./configure

Matoleo mapya yanajua kuiweka yenyewe. Kama hakuna kinachokulazimisha kubaki na la zamani, panda toleo uachane na flagi.

Mzee wa Klasta:
Huyo wako dada angalau anapiga kelele. Open MPI isipoona kompaila ya Fortran inanyamaza, inaruka sehemu hiyo na kumaliza kujenga kwa amani. Baadaye mtafiti anakuja na kodi yake ya hali ya hewa, anaita mpifort, amri ya MPI ya kukompaili Fortran, anaambiwa "No underlying compiler was specified in the wrapper compiler data file", na wewe unayesimamia seva ndiye unayepigiwa simu usiku. Siku hizi naweka --enable-mpi-fortran makusudi ili ikikosa ife mapema. Kwa iliyokwisha kujengwa, angalia kama Fortran imo: ompi_info | grep -i fort.

Kijana_wa_Mac:
Wa Mac tunadanganywa na jina. Ukiandika gcc anayeitika ni clang, kompaila ya Apple, na hiyo haiitaki -fopenmp, flagi ya kuwasha OpenMP (usambamba ndani ya mashine moja). Nikaweka gcc ya Homebrew (kisakinishi cha programu cha Mac), bado CMake, inayofanya kazi kama ya configure, ikaniambia "Could NOT find OpenMP_C". Homebrew inaiweka kwa namba, gcc-14, jina tupu la gcc linabaki la Apple. Nikaweka CC=gcc-14 CXX=g++-14, wapi!

Fundi_Sambamba:
Ulifuta folda ya build?

Kijana_wa_Mac:
Ndiyo ilikuwa yenyewe mkuu. CMakeCache.txt inashika kompaila ya mwanzo, ukibadilisha CC baadaye haikusikilizi. Nilifuta folda nzima, nikaanza upya.

mwanachuo_hpc:
Yangu ilisema "cannot run C compiled programs", na ikaongeza kwamba kama nia ni kukompaili kwa ajili ya mashine nyingine nitumie --host. Ushauri huo usiufuate kama kipofu! Ukiweka --host configure inaacha kuendesha majaribio, inakisia, na kosa linahamia mbele. Kumbe sosi nilizifungulia kwenye diski ya nje iliyopachikwa na noexec, yaani marufuku kuendesha programu humo. Conftest ilikompailika vizuri, mfumo ukakataa isiendeshwe. Andika mount uone mstari wa diski yako. Nilihamishia folda kwenye home, haikuhitaji flagi yoyote.

dada_wa_seva:
Kuna aliyepambana na nvcc (kompaila ya CUDA, ya kadi za NVIDIA) kukataa gcc mpya? Mimi najua -ccbin tu, kuielekeza gcc ya zamani.

Mzee wa Klasta:
Kwenye CMake weka kigeu CUDAHOSTCXX, kinachotaja hiyo gcc ya zamani, kabla ya kuiendesha mara ya kwanza. Ukishachelewa, ni yaleyale ya kijana wa Mac: futa build.