Arusha: Nimeuziwa TV ya "4K" yenye kioo cha mistari 768, halafu muuzaji ananiambia nitazoea

Wakuu, salaam. Uzi huu una hasira, mwenye presha apite pembeni.

Nimenunua TV mpya ya inchi 43 kwenye duka moja la vifaa vya umeme hapa mjini, si mbali na Soko Kuu. Jina la duka naliweka kiporo kwa sasa. Laki saba na themanini, taslimu, na risiti ya EFD ninayo. Kwenye kona ya kioo kuna stika ya dhahabu imeandikwa 4K ULTRA HD, yaani kioo cha mistari 2160. Pale dukani ilikuwa inaonyesha samaki wa rangi rangi na maua yanachanua taratibu, kila anayepita anasimama mlangoni. Imefika nyumbani Sakina, fundi wao kaifunga, tumewasha taarifa ya habari: maandishi yanayopita chini yana meno meno, sura ya mtangazaji ina ukungu, na ukihamia kwenye mpira, matokeo pale kona ya juu yamekatwa nusu. TV yetu ya zamani ya chogo ilikuwa na mambo yake, lakini matokeo ilikuwa haiyakati.

Napiga simu dukani, kijana ananijibu kama aliyekariri: "Mama, hiyo ni king'amuzi."

Na hapo alikuwa na nusu ya haki, ndiyo maana inaniuma zaidi. Fundi waliyemtuma wao wenyewe, aliyechukua elfu ishirini ya kufunga, aliunganisha king'amuzi kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Waya ya njano haiwezi kupitisha HD, ile picha ya mistari mingi, hata uibembeleze. Mwisho wake ni mistari 576, kipimo kile kile cha enzi za chogo. Waya wa HDMI ulikuwa kwenye boksi la king'amuzi, umefungwa na mpira wake, haujaguswa! Fundi wa TV, mwaka huu, anaacha HDMI kwenye boksi. Nikauchomeka mwenyewe, nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, nikakuta nako kumeachwa 576, nikapandisha hadi 1080.

Chaneli za HD zikapata nafuu. Za SD, yaani za picha ya kawaida, zikabaki vile vile, na hilo simlaumu mtu. Tangu mitambo ya analojia izimwe, Dar es Salaam mwisho wa Desemba 2012 na huku kwetu mwaka uliofuata, watu wengi wamebaki wakiamini kwamba dijitali ndiyo HD. Siyo. Chaneli ya SD inakuja na pikseli (zile nukta zinazounda picha) zisizozidi 720 kwa 576 hata kama king'amuzi ni cha dijitali na kipya, na TV inabidi iivute ijaze kioo kizima. Kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo ubovu unavyoonekana. Kile kingine, cha kukata matokeo, kilikuwa kwenye menyu ya TV, sehemu ya ukubwa wa picha. TV nyingi zikitoka kiwandani zinakuza picha kidogo na kukata kingo. Kwenye LG sehemu hiyo inaitwa Just Scan, kwingine ina majina mengine, ukiiwasha picha inakaa kama ilivyotumwa. Dakika moja. Fundi wa elfu ishirini hakuijua.

Ila ukungu kwenye chaneli za HD ulibaki. Maandishi madogo yote yalibaki na meno.

Nikawaambia waje. Akaja fundi yule yule, akashika rimoti, akaenda kwenye ukali wa picha, akaupeleka hadi 100, akageuka, na hakunitazama mimi niliyelipa, akamtazama mdogo wangu wa kiume aliyekuwa amekaa pembeni anachezea simu: "Umeona sasa, kaka?" Tulichokiona ni kila mtu kwenye kioo kuvaa mstari mweupe kuzunguka kichwa. Ile setingi haiongezi hata pikseli moja, inakoleza kingo tu. Nikairudisha chini akiwa bado mlangoni.

Simu ya pili kutoka dukani: tatizo ni mtandao wa huko kwetu. Haya. Ni kweli kwamba mtandao mdogo unashusha picha. Netflix wenyewe wanashauri kasi ya Mbps 5 kwa picha ya 1080 na Mbps 15 kwa 4K, na YouTube ukiiacha yenyewe itakupa inachoweza. Lakini nikachukua video ya 4K, nikaiweka kwenye flashi, nikachomeka flashi kwenye TV. Flashi haitumii bando. Ukungu upo pale pale.

Sasa niwaambie kitu ambacho yule kijana hakukijua kuhusu "mama" aliyekuwa anaongea naye. Mimi nina steshenari. Kutwa nzima nakaa na picha za pasipoti, kadi za harusi na mabango ya msiba. Nikiletewa picha iliyotolewa WhatsApp mtu akitaka niichape ukubwa wa A3, najua itatoka vipi kabla sijaifungua. Pikseli ndizo zinazonilisha.

Nikachukua laptopu yangu, HDMI, nikaichomeka. Windows ikaandika 3840 kwa 2160, ndicho kipimo cha 4K. Nikawatumia picha, yule kijana akafurahi kama kashinda kesi: "Si unaona mama, imeandika yenyewe!" Hapana, mdogo wangu. Hiyo laptopu inaandika kile ambacho TV imeiambia inaweza kupokea. Kupokea ni kazi ya bodi iliyo ndani, kuonyesha ni kazi ya kioo. Bodi ya bei rahisi inapokea 4K vizuri tu, halafu inaipunguza mpaka ikae kwenye kioo kilichopo. Ni kumimina debe kwenye kibaba.

Kwa hiyo nikatengeneza picha ya mistari ya kulala, mmoja mweusi mmoja mweupe, kila mstari unene wa pikseli moja, nikaifungua kwa asilimia 100 bila kuikuza. Laptopu ikiwa kwenye 2160, kioo kizima kikawa kijivu chenye mawimbi. Nikashusha hadi 1080, kijivu na mawimbi. Nikashusha hadi 768, mistari ikasimama, mweusi mweupe mweusi mweupe, unaweza kuihesabu.

Hapo nilikuwa nimeshajua nimeingizwa mjini, lakini nilitaka ushahidi ambao hata mtu asiyejua kompyuta hawezi kuupinga. Nikaazima kile kilenzi cha kuvaa jichoni kwa fundi saa mmoja mjini (Mungu ambariki, hakuniuliza hata cha nini), nikawasha picha nyeupe tupu, nikabandika rula ya shule kwenye kioo. Ukitazama kwa lenzi unaona vidirisha vyekundu, kijani na bluu, na kila vitatu ni pikseli moja. Hesabu sasa. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 hivi. Kama ni 4K kweli, pikseli 3840, kila sentimita lazima iwe na pikseli 40. Kama ni Full HD, 1920, ziwe 20. Ya kwangu ina 14. Mwenye kikokotoo azidishe 14 mara 95 aone inaangukia wapi: 1330 hivi, na kipimo cha vioo kilicho karibu na hapo ni 1366 kwa 768. Pikseli milioni moja na kidogo, wakati 4K ni zaidi ya milioni nane. Hata Full HD haijafika! Nimepiga picha kwa simu kupitia lenzi, rula inaonekana, nimezichapa na kuzitia laminesheni.

Nikaenda nazo dukani. Kijana akamwita bosi. Bosi akazitazama, akanirudishia, akasema, na nanukuu: "Mama, 4K inapokea, ndiyo maana imeandikwa. Wateja wote wanazoea." Nikauliza, stika hii ameibandika nani, mbona haiko kwenye boksi? Kimya. Kitabu cha maelezo kiko wapi, mbona hakikuwemo? Kimya. Kisha akanipa suluhisho lake: niongeze laki mbili na nusu anibadilishie nyingine. Yaani nimlipe tena ili anipe kile nilichokwisha kukilipia. Nikadai hela yangu, akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Karatasi ya ukutani siyo sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, ipo kwa ajili hiyo. Sikuuziwa TV iliyoharibika njiani, nimeuziwa kitu kingine kabisa chenye stika ya kingine.

Na msidhani ni mimi peke yangu. Tangu tupewe uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, watu mjini hapa wanatamani vioo vikubwa, na wauzaji wanajua mtu akiona inchi 43 kwa bei ya chini hatauliza kuna nini ndani. Ukienda kununua, samaki na maua wasikudanganye. Picha ikienda taratibu na rangi ikikolezwa, ukiwa umesimama mbali, kila kioo kinapendeza. Waambie waweke kitu chenye maandishi madogo, sogea karibu, toa rula. Akikukataza kuweka rula, umeshapata jibu lako. Na uandikiwe kwenye risiti idadi ya pikseli za kioo, siyo neno 4K.

NYONGEZA: Kwa mliokuja kuniambia ninunue HDMI ya elfu hamsini. HDMI inabeba tarakimu. Waya ukiwa mbovu picha inakatika, inazima au inatoa nukta zinazometameta, hailetwi ikiwa na ukungu. Msinitoe kwenye mada.

NYONGEZA YA PILI: Aliyeandika "mwanamke na TV wapi na wapi," njoo steshenari nikuchapie rula.

Ninachokitaka ni laki saba na themanini yangu pamoja na elfu ishirini ya fundi. Bosi nimempa hadi Ijumaa, kwa maandishi, na nakala kasaini kijana wake. Ikipita, barua ya FCC tayari imeshachapwa, picha za rula zimeambatanishwa. Mwenye TV ya inchi 43 yenye stika ya dhahabu kona ya chini kushoto, aliyoinunua mitaa ya Soko Kuu, ahesabu pikseli kwenye sentimita moja aniandikie inbox. Tukiwa wengi barua itakuwa moja.