Ligi yetu ya chemsha bongo inaadhibu majibu sahihi: tumetolewa nusu fainali kwa "jibu la karatasi"

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimejizuia siku nne kuandika uzi huu, kwa sababu najua fika kwamba mtu aliyetolewa nusu fainali kwa pointi moja akifungua mdomo huonekana hakubali kushindwa. Hata hivyo naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu. Tulijibu swali sawasawa, tukahesabiwa tumekosa, na tulipodai haki yetu tukaambiwa mbele ya ukumbi mzima kwamba ukweli wa jibu si kazi ya kamati, kazi ya kamati ni karatasi.

Kwa wasioifahamu, hii ni ligi ya maswali ya maarifa ya jumla inayokutanisha timu za mitaa ya mji wetu kila Jumamosi jioni. Timu ina watu wanne na hulipa ada ya shilingi 40,000 kwa msimu. Swali lina pointi tatu. Timu ikikosa, swali huhamia kwa wapinzani kama bonasi ya pointi mbili. Simu zote hukusanywa kwenye beseni la plastiki kabla ya kuanza, na anayetaka kujibu hugonga kengele ya baiskeli iliyofungwa kwa waya kwenye ukingo wa meza. Bingwa hupewa mbuzi, na kwa bahati mbaya mbuzi mwenyewe usiku ule alikuwa amefungwa nyuma ya ukumbi, kwa hiyo tulimsikia akilia muda wote tulipokuwa tukinyang'anywa.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Nani alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanganyika?" Katika timu yetu yumo mwalimu mstaafu aliyefundisha historia kwa zaidi ya miaka 30. Aligonga kengele kabla msomaji hajamaliza neno la mwisho, akajibu: Julius Nyerere. Msomaji, kijana wa kuweza kuwa mjukuu wake, akaangalia karatasi, akatikisa kichwa, akasema jibu si sahihi kwa kuwa Nyerere alikuwa Rais. Wapinzani wakajibu Rashidi Kawawa, wakapewa bonasi, wakashangiliwa.

Mwalimu alisimama taratibu, akasema, "Mwanangu, hebu soma swali tena. Umeuliza Tanganyika au umeuliza Tanzania?"

Kijana akajibu kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu. Nimeuliza Tanganyika, lakini karatasi imeandika Kawawa, nami siwezi kubishana na karatasi."

Sasa wakuu, naomba tuliweke jambo hili sawa, kwa sababu kosa lilipo ni pembamba na mtu mwenye haraka anaweza kulipita. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika tangu Mei 1961, nchi ilipopata serikali ya ndani, na ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu siku bendera ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi uliofuata, Januari 1962, alijiuzulu ili akaijenge TANU, na hapo ndipo Kawawa alipoipokea nafasi hiyo. Kawawa akakaa nayo mpaka Desemba mwaka huohuo, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na Nyerere akawa Rais. Cheo cha Waziri Mkuu kiliporudishwa mwaka 1972, wakati huo tukiwa tayari Tanzania, aliyekishika ni Kawawa tena. Kwa hiyo ukiuliza Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanzania, jibu ni Kawawa. Ukiuliza wa Tanganyika, jibu ni Nyerere. Mtunzi wa maswali alichanganya nchi mbili, akamwadhibu mtu pekee ukumbini aliyekuwa akizitofautisha.

Tulifungwa 58 kwa 57. Fanyeni hesabu wenyewe: pointi tatu tulizonyimwa, na mbili walizozawadiwa wenzetu.

Kama lingekuwa kosa la siku moja nisingewapotezea muda. Ubaya ni kwamba maswali ya ligi hii hutoka kwenye daftari moja kubwa la jalada gumu ambalo mtunzi amekuwa akilijaza tangu zamani, na majibu yaliyoandikwa humo kwa wino mwekundu hayajawahi kupitiwa upya, ilhali dunia haikusimama kumsubiri. Msimu huu tuliulizwa nchi kubwa kuliko zote Afrika kwa eneo, na karatasi ikadai ni Sudan, wakati Sudan iligawanyika Julai 2011 na tangu hapo nafasi hiyo ni ya Algeria. Tuliulizwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi ngapi wanachama; karatasi ilisema sita. Sita ilikuwa sahihi baada ya Sudan Kusini kuingia mwaka 2016, lakini Kongo imeingia 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo sasa ni nane. Mji mkuu wa Burundi kwenye daftari bado ni Bujumbura, Gitega haijafika. Hata mikoa ya nchi yetu wenyewe imehesabiwa 30, kana kwamba Songwe bado ni sehemu ya Mbeya. Mchezaji mmoja wa timu nyingine, ambaye kwao ni Tunduma, alijibu 31 akakoseshwa. Alicheka kwa uchungu, akauliza kama arudi kwao au asubiri daftari limruhusu.

Lipo pia tatizo la maswali yasiyoulizika. Mzunguko wa nne tuliulizwa, "Ziwa lipi ni kubwa kuliko yote Afrika?" Kubwa kwa nini? Kwa eneo la uso wa maji ni Victoria, hilo halina ubishi. Kwa wingi wa maji ni Tanganyika, tena kwa mbali sana, kwa sababu kina chake kinafika takriban mita 1,470 wakati Victoria, pamoja na upana wake wote, haizidi sana mita 80. Victoria ni sinia, Tanganyika ni kisima. Timu iliyojibu Tanganyika ilieleza hivyo hivyo, kwa ufasaha kuliko nilivyoeleza hapa, na mwenyekiti wa kamati akawaambia waache kujifanya wanajiografia. Mimi nasema swali likiwa na majibu mawili ya haki, linafutwa na kusomwa jingine. Wala hilo halihitaji kikao.

Sitaki kujifanya malaika. Mzunguko wa pili timu yetu ilijibu kwamba sayari za mfumo wa jua ni tisa, tukapewa pointi tatu, na sote wanne mezani tulijua kwamba Pluto ilivuliwa hadhi ya sayari tangu Agosti 2006. Tulijibu tisa kwa makusudi, kwa sababu tulikwisha kulisoma daftari lile na tulijua linataka nini. Tulinyamaza. Naliandika hapa hadharani ili mwone ligi imetufikisha wapi: badala ya kujifunza mambo ya dunia, timu zinajifunza makosa ya mtunzi. Kuna vijana katika mashindano haya ambao ni wanafunzi wa sekondari, na nimewasikia kwa masikio yangu wakiulizana nje ya ukumbi, "Hili tujibu la kweli au la daftari?"

Tulipeleka rufaa ya maandishi Jumatatu asubuhi. Mwalimu aliiandika kwa mkono, kurasa mbili, mwandiko ule wa ubaoni ulionyooka, akaambatisha nakala ya ukurasa wa kitabu cha historia cha shuleni wenye tarehe zote nilizozitaja. Katibu aliipokea, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Jioni yake ukaja ujumbe kwenye kundi la ligi kwamba asiyekubali matokeo si mwanamichezo, na kwamba rufaa zitajadiliwa kwenye mkutano wa mwaka. Mkutano wa mwaka ni Desemba. Fainali ni Jumamosi hii. Sijui mbuzi atafufuliwa kwa utaratibu gani.

Tunachotaka ni kidogo sana. Maswali yapitiwe na watu wawili ambao si mtunzi kabla hayajafika mezani. Kila jibu linaloweza kubadilika, kama idadi ya wanachama wa jumuiya au mji mkuu wa nchi, liandikwe pamoja na mwaka ambao lilihakikiwa. Timu ikipinga jibu, ipewe nafasi ya kueleza, na simu moja tu itolewe kwenye beseni ili kamati ihakiki papo hapo. Hiyo haiwezi kuchukua muda mrefu kuliko muda tunaopoteza kila wiki kusubiri jenereta. Kuhusu nusu fainali yetu, tunaomba swali lile lifutwe kwa pande zote mbili na tuulizwe jingine mbele ya mashahidi. Tukikosa, tutawapa wenzetu mkono na kwenda zetu. Pointi tatu za sayari tumekubaliana kuzirudisha, na nahodha wetu ameshalisema hilo kwa kamati.

Wapinzani wetu sina ugomvi nao. Wawili kati yao walimfuata Mwalimu nje baada ya mchezo, wakamwambia kwamba nao wangejibu Nyerere kama wangeiwahi kengele.

Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kuendesha mashindano ya namna hii, au mwenye kanuni zilizoandikwa za kushughulikia rufaa, naomba aziweke hapa kabla ya Ijumaa jioni, nimpelekee katibu zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, maana karatasi ndiyo anayoiamini.

Naomba kuwasilisha.