Naomba ushauri: Land Rover 110 ya mwaka 1997 kwa kazi ya Amani hadi Muheza, ninunue au niachane nayo?

Mama Iliki
Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mfanyabiashara wa viungo, makazi yangu Muheza. Nanunua iliki, pilipili manga na mdalasini kwa wakulima wa huko juu Amani, Kwamkoro na Bulwa, nateremsha Muheza, mzigo mwingine unakwenda Tanga mjini. Siku zote nakodi gari. Kiangazi hakuna neno, ila masika yakishaingia wenye magari wanapandisha bei mpaka faida yote inaishia mikononi mwao, na wengine wanakataa katakata kuupanda ule mlima.

Sasa kuna mzee mmoja Tanga mjini anauza Land Rover 110 pikapu ya mwaka 1997, injini 300Tdi. Anataka milioni 16, maongezi yapo. Kwa macho gari inavutia jamani. Bodi haina kutu hata doa, rangi ya kijani. Mzee anasema Land Rover ni alumini, hailiwi na kutu hata ukiiegesha Raskazone upepo wa bahari uipige mwaka mzima. Kaka yangu naye anasema hapo ninanunua ugonjwa, nitafute Hilux.

Nataka kujua hiyo injini ikoje, spea zinapatikana wapi, na niangalie nini kabla sijatoa hela. Na hili la kutu ni kweli?

Nawasilisha.

Kobe wa Pongwe
Hilux. Uzi ufungwe.

Fundi Nyundo
Dada, mzee hajakudanganya, amekwambia nusu. Bodi ni alumini. Chasisi ni chuma. Na kinachoibeba injini, mzigo wa iliki na wewe mwenyewe ni chasisi, siyo bodi.

Gari za pwani hii nimezifungua nyingi. Unakuta bodi inang'aa, ukiingia chini na bisibisi unazama hadi mpini. Nikimaliza kazi niliyo nayo nitarudi niandike kwa kirefu.

Dereva wa Mkonge
Mama, marahaba.

Nimeendesha Land Rover mashamba ya mkonge tangu ujana wangu, kwanza zile 109, baadaye 110. Vijana wengi wanadhani hizo namba ni nguvu ya injini. Sivyo. Ni inchi, kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. 109 ilikuwa na springi bapa za kupangwa, ukipita barabara ya mashimo mgongo unahesabu kila shimo. 110 ilipokuja mwaka 1983 ikaja na springi za koili na magurudumu manne yanayovuta muda wote. Tulioshuka kutoka ile tukapanda hii tuliona tumepewa kitanda.

Kwa mlima wa Amani hilo la kuvuta muda wote ndilo lenye faida. Zile za zamani ulikuwa unaendesha kwa magurudumu mawili mpaka ukumbuke kubonyeza kirungu cha njano, na mara nyingi unakumbuka ukiwa umeshaanza kuteleza kwenda bondeni. Kwenye 110 kuna mpini mdogo kando ya gia, ukiusukuma kushoto unafunga difu ya kati, mbele na nyuma zinakwenda pamoja. Ufunge kabla ya tope, siyo ndani ya tope. Na ukifika pakavu ufungue, la sivyo gari inajibana yenyewe na utakuwa mteja wa kudumu wa Fundi Nyundo.

Ubaya wake nao nikwambie. Kona zile kali za kupanda Amani, 110 haikunji. Pengine utarudi nyuma mara moja ndipo uimalize. Kiwiko cha kulia kinagonga mlango, mguu wa kushoto unapata joto la giaboksi, na mvua ikinyesha kuna tone litakudondokea gotini ambalo hakuna fundi aliyewahi kulipata linakotokea. Gari imara, lakini raha haimo.

Kobe wa Pongwe
Mzee wangu, na bado unamshauri anunue? Hilux haimdondoshei mtu maji gotini.

Dereva wa Mkonge
Hilux ikikwama Kwamkoro aliyekuja kuivuta nilikuwa mimi.

Msoma Vitabu
Mleta uzi kauliza la kutu, na jibu lake limo kwenye historia, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza chuma kilikuwa cha mgao. Kiwanda kilichouza nje ya nchi ndicho kilichopewa. Kampuni ya Rover ilikuwa inatengeneza magari ya watu wenye nafasi zao, soko dogo. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani alitumia Jeep ya Willys iliyobaki vitani. Jeep ikachoka, na hapakuwa na gari ya Kiingereza ya kushika nafasi yake. Yeye na nduguye Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaamua kuunda ya kwao.

Bodi wakaifanya kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi, kwa sababu chuma kilikuwa shida na alumini ilipatikana. Bodi ikawa bapa bapa vile kwa kuwa bati bapa linakunjwa bila mashine za gharama. Hata rangi ya kijani ya mwanzoni ilikuwa ya jeshi, iliyobaki vitani. Yaani kila kitu tunachokiita leo sura ya Land Rover kilitokana na uhaba, wala hakuna aliyekaa akafikiria upepo wa chumvi wa Tanga. Gari ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na wenyewe walidhani wangeitengeneza miaka michache tu, mambo yakitengemaa warudi kwenye magari yao ya mabwana.

Ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Jina la Defender, ambalo hata hiyo 110 ya mzee inalo, lilikuja mwaka 1990 tu, baada ya kampuni kutoa gari nyingine, Discovery, na kuona kwamba gari kongwe nayo inahitaji jina. Defender hii mpya inayotengenezwa Slovakia haina hata chasisi ya kujitegemea. Kwangu hiyo ni gari nyingine iliyopewa jina la marehemu.

Binti wa Sakina
Salamu kutoka Arusha. Huku mambo ya Land Rover msituambie kitu, Oktoba 2024 tulifanya tamasha lake mji mzima ukajaa. Mama Iliki, spea usiogope. Kampuni za utalii zimezitumia hizi gari miaka mingi, kwa hiyo mafundi na maduka yapo. Dar pia utapata. Shida siyo kupata, shida ni ubora. Kitu kimoja kinauzwa bei tatu: halisi, ya kampuni nyingine inayoeleweka, na ya boksi la bluu isiyojulikana ilikotoka. Beringi na sili za bei ya chini kabisa zitakurudisha gereji kabla risiti haijafifia wino.

Mafuta kwa 300Tdi sisi tunapata kilomita tisa hadi kumi kwa lita moja ya dizeli, kama dereva hana haraka. Na haraka yenyewe hutaipata, ukipita themanini humsikii aliyekaa pembeni yako.

Msafiri wa Horohoro
Mimi siyo mpinzani wa Land Rover ila tuseme ukweli. Toyota yenyewe, gari yake ya porini iliyoanza mwaka 1951, iliibatiza Land Cruiser mwaka 1954 kwa kuiangalia Land Rover. Halafu mwanafunzi akampita mwalimu. Angalieni mahospitali, mashirika, miradi, wote wamehamia Cruiser hardtop. Sababu ni moja, ukiwasha asubuhi inawaka. Kwa mfanyabiashara mwenye wateja wanaosubiri mzigo, hilo ni kubwa kuliko historia ya Wilks na shamba lake.

Binti wa Sakina
Ni kweli kabisa. Sasa mtafutie hiyo Cruiser hardtop kwa milioni 16.

Fundi Nyundo
Nimerudi.

Hela yako inategemea chasisi. Injini inatengenezeka, giaboksi inatengenezeka, chasisi iliyooza inabadilishwa yote, na hiyo ni kuivua gari nguo zote. Kwa hiyo siku ya kwenda nenda na nyundo ndogo, bisibisi, tochi na kanga kuukuu ya kulalia. Anza nyuma. Ipo boriti inayokata gari upande hadi upande, ndiko inakofungwa ndoano ya tela. Tope la tairi za nyuma linarukia hapo, linakaa, linanyonya unyevu. Gonga taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza au kinamwaga vumbi jekundu. Kisha fuata mikono ya pembeni inayobeba bodi, halafu pale tangi la mafuta linapokaa. Chasisi ina matundu ya kutolea maji, yakizibwa na tope maji yanabaki ndani na kutu inaanzia ndani kuja nje, kwa hiyo ukiiona nje ujue ndani ilishakula muda mrefu.

Ukikuta chini kumepakwa lami au rangi nyeusi mbichi ya wiki iliyopita, usifurahi. Hakuna mzee anayeipamba gari yake tumboni bila sababu.

Na alumini nayo isikudanganye. Inapogusana na chuma, pakiingia unyevu wa chumvi, ni alumini ndiyo inayoliwa. Angalia kingo za chini za milango na pale boliti zinaposhika bodi, ukiona malengelenge kwenye rangi na unga mweupe, ndiyo hiyo. Haitakulaza njiani, lakini ni ya kushushia bei.

Injini. 300Tdi ni lita 2.5, nguvu farasi 111, haina kompyuta, fundi yeyote mwenye akili anaiweza. Ndiyo maana mimi ningeichukua hiyo kuliko Td5 iliyoifuata mwaka 1998, ambayo ina umeme mwingi na mafuta ya injini yana tabia ya kupanda ndani ya nyaya mpaka kwenye kompyuta. Ila 300Tdi ina maadui wawili. Wa kwanza ni taimingi belti. Kama mzee hana uhakika ilibadilishwa lini, badilisha kabla ya kuupanda mlima, kwa sababu ikikatika vali zinakutana na pistoni. Wa pili ni joto. Silinda hedi yake ni alumini, maji yakikauka mara moja tu inapinda. Juu ya nyumba ya themostati kuna kizibo cha plastiki, kikizeeka kinapasuka na maji yote yanaondoka kimya kimya. Weka cha shaba, bei yake haifiki hata kilo ya iliki yako.

Asubuhi nenda kabla mzee hajaiwasha, gusa injini kama ni ya baridi. Anayeuza akikuwashia kabla hujafika ana lake jambo. Kuvuja mafuta kidogo kusikutishe. Ukiachia klachi ukasikia "kong" chini, huko ni kulegea kwa propela shafti au meno ya shafti kati ya giaboksi mbili. Propela shafti ni rahisi, meno siyo rahisi.

Mwisho kadi. Namba ya chasisi ya Defender inaanza na SALLD, imegongwa kwenye chasisi mbele kulia. Ilinganishe na kadi herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile.

Mama Iliki
Fundi Mungu akuzidishie. Nimekwenda leo na kijana wangu wa gereji hapa Muheza, tumefuata maneno yako moja baada ya jingine. Mzee alipoona nyundo alinuna.

Mbele na katikati chasisi inalia vizuri. Boriti ya nyuma upande wa kushoto bisibisi imeingia, na mikono miwili ya pembeni ina viraka vya kuchomelea vya zamani. Chini hakukupakwa kitu. Injini tuliikuta ya baridi, imewaka mara moja, haikutoa moshi mweusi. Kizibo ni cha plastiki, kina ufa. Belti hajui. Namba ya chasisi ni sawa na kadi ila ya injini haifanani. Mzee anasema injini ya kwanza ilikufa kwa joto, akanunua nyingine, na karatasi zake zipo kwa mwanawe Korogwe.

Ameshuka hadi milioni 12.

Kobe wa Pongwe
Milioni 12 na boriti imeoza. Hilux, dada.

Fundi Nyundo
Boriti ya nyuma inauzwa peke yake, inakatwa ya zamani inachomelewa mpya, kazi ya siku chache kwa mtu anayejua. Mikono ya pembeni vilevile. Kama katikati ni pazima kama unavyosema, hiyo gari inafufuka, na gharama hiyo imtoke mzee, siyo wewe. Mpe hesabu mezani: boriti, mikono, belti na vifaa vyake, kizibo, kazi ya fundi. Mimi nisingevuka milioni 10.

Lakini namba ya injini kwanza. Bila karatasi za ile injini nyingine hutaweza kurekebisha kadi TRA, na siku askari akifungua boneti utajieleza wewe, siyo mzee.

Mama Iliki
Tumekubaliana Jumamosi twende wote Korogwe kwa huyo mwanawe. Mzee anaomba nimwachie angalau laki tano asimpe mtu mwingine.

Dereva wa Mkonge
Mama, kishika uchumba hakitolewi kabla hujaona cheti. Korogwe nenda, hela ibaki Muheza.