Uzamili wa theolojia: usharika ulipe?

Mzee wa Baraza: Bwana Yesu asifiwe. Baraza letu la wazee limegawanyika. Mchungaji anaomba usharika umlipie uzamili wa theolojia, miaka miwili. Rwanda tangu 2018 sheria inataka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia. Shakahola, Kenya, wamefukuliwa watu zaidi ya 400 waliomfuata mhubiri bila kuhoji. Mimi nasema tulipe.

Fundi Cherehani: Petro alikuwa na uzamili? Matendo 4:13: "watu wasio na elimu, wasio na maarifa". Hao ndio waliotikisa Yerusalemu. Tulipomzika mama alikuja mchungaji katoka chuoni. Jua la saa nane, jeneza liko juu ya stuli mbili, shangazi zangu wameketi mkekani. Nusu saa nzima Kigiriki cha Yohana 21: Yesu aliuliza "agapao", Petro akajibu "fileo". Jina la mama hakulitaja hata mara moja.

Binti Usambara: Pole sana kwa msiba, kaka. Lakini usikitupe Kigiriki kwa kosa la mtu mmoja. Mimi ni mchungaji, mama wa watoto wawili, niko mwaka wa pili wa uzamili. Kifungu hicho nilikisoma mpaka saa saba usiku, mtoto mgongoni. Mara mbili Yesu anauliza kwa agapao, upendo wa kujitoa, Petro anajibu kwa fileo, upendo wa kirafiki. Mara ya tatu Yesu mwenyewe analishukia neno la Petro. Biblia ya Muungano imeandika "wanipenda" kote, msomaji haoni kitu. Kwa mfiwa hiyo ni faraja kubwa, ikielezwa kwa dakika mbili.

Kengele ya Pili: Haoni kitu? Bibi yangu alisoma "wanipenda" hiyo hiyo akalia. Na wataalamu wengi tu wanasema kwa Yohana maneno hayo mawili ni mamoja. Nyie mnaona Kiswahili kimepungukiwa, ndiyo maana tasnifu mnaandika kwa Kiingereza. Mnakwenda kumhoji mzee wa Kishambaa juu ya matambiko yake, kisha yeye hawezi kusoma hata ukurasa mmoja.

Mzee wa Baraza: Jamani, niliuliza habari za ada.

Binti Usambara: Sijasema Kiswahili kimepungukiwa! John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alipata udaktari Cambridge 1963, na uzeeni akatafsiri Agano Jipya zima kutoka Kigiriki kwenda Kikamba, likatoka 2014. Usomi haukumtoa kwao. Ila la tasnifu limenichoma. Mama mmoja niliyemhoji aliniuliza, "Utaniletea nisome?" Nikanyamaza.

Mwinjilisti wa Zamu: Mzee, ile sheria ya Rwanda inakubali hata shahada nyingine, ukiwa na cheti cha masomo ya dini. Uzamili haumo. Na wewe Fundi, Petro alifundishwa na Yesu mwenyewe, na Paulo aliketi miguuni pa Gamalieli. Hata kifungoni Paulo aliagiza vitabu, "hasa vile vya ngozi". Sipingi kusoma. Lakini mchungaji akiwa chuoni, anayezika ni mimi, na semina yangu ya mwisho siikumbuki. Kwetu tulipiga mnada magunia ya mahindi ya mavuno, tukasomesha mmoja. Alipomaliza akapangiwa ofisi makao makuu. Madhabahuni hatujamwona tena. Kabla hamjalipa, Mzee, andikishaneni kwamba atarudi.

Fundi Cherehani: Mwinjilisti, nakuheshimu, ila nilikuwa nasema na dada mchungaji. Hizo dakika mbili, siku ile ungesema nini?

Binti Usambara: Ningekaa kwanza mkekani na shangazi zako, wanisimulie habari zake. Ndipo ningesema: Yesu alimshukia Petro pale alipofika, na mama naye amepokelewa pale alipofika. Mama aliitwa nani, kaka?

Kengele ya Pili: Na tasnifu, dada, unaitafsiri lini?