MJADALA: Kugraindi kunaua raha ya gemu, au tunamlaumu asiyehusika?

Wadau, huu ubishi wa kugraindi, yaani msoto wa kurudia rudia kazi ndani ya gemu ili upande levo au upate kitu, naona hauishi na kila upande una hasira zake. Upande mmoja unasema kurudia kitu kile kile masaa na masaa, kuua mazimwi yale yale, kukata miti ile ile, kusubiri zimwi likifa lidondoshe kitu kimoja unachokitaka, huko ni kupotezewa muda na sio kucheza. Upande wa pili unasema mchumia juani hulia kivulini, bila msoto hakuna utamu, ukipewa kila kitu mapema unaboreka siku hiyo hiyo. Mi msimamo wangu ni kwamba kurudia kwenyewe sio tatizo. Tatizo ni pale mtengenezaji anapoifanya sehemu ya gemu ichoshe kwa makusudi afu anakuuzia njia ya kuikwepa, hapo raha inakufa, na inakufa hata kwa yule ambaye hajanunua chochote. Nitatetea hilo, mnipinge kwa hoja.

Kwanza tusidanganyane kwamba msoto ni uvumbuzi wa makampuni ya juzi. Dragon Quest ya kampuni ya Enix imetoka 1986 kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, gemu nzima ilikuwa kilobaiti 64, yaani picha moja ya simu leo inaizidi mara nyingi. Mule ndani unazunguka zunguka nje ya mji unapigana na viumbe dhaifu, unakusanya pointi za uzoefu na dhahabu, unanunua upanga, unavuka daraja, unakuta viumbe wagumu zaidi, wanakupiga, unarudi kujipanga. Ni kurudia mwanzo mwisho. Ila kulikuwa na kitu cha msingi sana mule ambacho watu wanakisahau, nacho ni kwamba mtu asiye na mikono myepesi bado alikuwa na uhakika wa kumaliza. Kwenye magemu mengi ya wakati ule kama vidole vyako vizito umekwama, basi. Hapa ukikwama unaongeza levo, unarudi na nguvu. Kwahiyo msoto ulikuwa mlango wa nyuma kwa kila mwenye subira, na huo mlango ulikuwa bure. Hilo neno bure naomba mlikumbuke.

Sasa njoo kwenye mfano ambao kambi ya wanaochukia msoto huwa hawaujibu vizuri, RuneScape, gemu la mtandaoni la kukuza ujuzi kama wa kukata miti. Kufika levo 99 kwenye ujuzi mmoja unahitaji pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndo kwanza uko katikati ya safari. Kwa mtu ambaye hajawahi kuicheza hiyo inasikika kama adhabu. Lakini 2013 wachezaji wenyewe walipiga kura kurudishiwa toleo la 2007, lile la zamani, gumu, la taratibu, ndo likazaliwa Old School RuneScape, na mpaka leo mabadiliko makubwa yanapelekwa kwa wachezaji wapige kura kwanza. Watu waliuomba huo msoto. Na ukiwauliza wanapenda nini wanakwambia mikono inafanya kazi huku akili imepumzika, wanapiga stori, wanasikiliza vitu vyao, namba inapanda taratibu na namba hiyo ina heshima kwa sababu kila aliyenayo alipita njia ile ile.

Linganisha na ndugu yake, RuneScape ile iliyoendelea mbele. Chimbuko moja, na safari ya kwenda 99 ni zile zile pointi milioni 13. Huko 2012 wakaleta gurudumu la bahati, unalizungusha linakupa zawadi zikiwemo pointi za uzoefu, na ukitaka mizunguko zaidi unalipia. Old School ndo imekuja kuwa na wachezaji wengi zaidi. Sitaki kudai hiyo ndo sababu pekee, mabadiliko ya mfumo wa mapigano mwishoni mwa mwaka ule ule yalikimbiza watu wengi pia, na hata Old School tangu 2015 kuna bondi unazonunua kwa hela halisi ukaziuza kwa dhahabu ya mule ndani, kitu ambacho mi sikipendi hata kidogo maana dhahabu inasaidia kupandisha ujuzi kadhaa. Ila tofauti kubwa inabaki pale pale, kwamba kwa mmoja ile 99 yenyewe ilianza kuuzwa, na kikishauzwa hakina uzito tena hata mikononi mwa aliyekisotea.

Hilo kampuni ya Blizzard walilijua kwa gharama. Diablo III ilitoka 2012 ikiwa na soko la mnada ndani yake, unauza na kununua silaha kwa dhahabu ya gemu au kwa hela halisi. Kwa hesabu ya wale wanaosema msoto ndo adui, hapo raha ilitakiwa iongezeke maradufu si ndiyo? Hauna haja ya kuua pepo yule yule tena na tena, unafungua soko, unachukua upanga, umemaliza. Kilichotokea ni watu kuacha kujali kinachodondoka, maana chochote ulichookota sokoni kuna kizuri zaidi. Soko likafungwa Machi 18, 2014, na Blizzard wenyewe walisema linadhoofisha kiini cha gemu ambacho ni kuua mazimwi upate vitu vizuri. Na angalia walichofanya sambamba na hilo: hawakuufuta msoto, waliurekebisha, vitu vikawa vinadondoka vichache ila vizuri zaidi na vinavyokufaa wewe na aina ya shujaa unayemtumia. Kurudia kukabaki, uchovu ukapungua.

Sasa Star Wars Battlefront II ya kampuni ya EA, 2017. Mashujaa wakubwa kama Darth Vader na Luke Skywalker walifungwa, kila mmoja kreditsi 60,000 (hela ya mule ndani unayoipata kwa kucheza), wachezaji wakapiga hesabu wakaona ni kama masaa 40 kumfungua shujaa mmoja, na gemu lenyewe umeshalilipia bei kamili, na kuna maboksi ya bahati nasibu yanayouzwa pembeni yanayokupa nguvu. Watu walipolalamika kwenye mtandao wa Reddit EA wakajibu hapo hapo kwamba nia ni kumpa mchezaji hisia ya fahari na mafanikio. Lile jibu lilipigiwa kura za kukataliwa zaidi ya laki 6, likaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Ndani ya muda mfupi bei ya mashujaa ikashushwa kwa asilimia 75, na kabla gemu halijatoka rasmi manunuzi yote yakazimwa kwa muda.

Hapo ndo penye jambo lenyewe. Kama ile namba 60,000 ilikuwa imepimwa kwa ajili ya fahari yako, inawezekanaje ikashuka robo tatu mara tu watu walipokasirika? Namba ya fahari haishuki hivyo. Mi sioni kama watu walikasirikia masaa 40, watu wanacheza magemu ya bunduki masaa mia tano bila kulalamika na ni kurudia ramani zile zile. Walikasirika kwa sababu waliona mkono wa muuzaji ndani ya ule uchovu.

Mfano mwingine ambao kwangu ni ushahidi mzito kuliko hata huo, Middle-earth: Shadow of War, nayo 2017. Ilikuwa na soko la kununua wapiganaji, na sura ya mwisho ya gemu ilikuwa ni kulinda ngome, na tena ngome, na tena ngome, watu wakailalamikia sana. 2018 wakaliondoa soko. Na walipoliondoa, ile sura ya mwisho wakaifupisha na kuiongezea hadithi. Kumbe iliwezekana. Uchovu ulikuwepo kipindi kuna kitu cha kuuza, kitu kilipoondoka na uchovu ukapunguzwa. Anayetaka kuniambia ni bahati mbaya tu anieleze vizuri.

Najua hoja inayofuata maana huwa inaletwa kila mara, "hulazimishwi kununua, acha wenye hela wanunue, we cheza kwa nafasi yako". Assassin's Creed Odyssey ya 2018 iliuza kiongezeo cha pointi za uzoefu cha kudumu kwa kama dola 10, na watetezi wake wanasema gemu linamalizika vizuri tu bila hicho kitu. Nakubali linamalizika. Ila nyie fikirini hali ya mchezaji aliyekwama kwenye levo kwa sababu misheni inayofuata inataka awe juu zaidi, anarudi kufanya kazi ndogo ndogo pembeni, na dukani kuna kitufe cha kumtoa hapo. Kama kisingekuwepo angesema gemu refu, ngoja nizunguke. Kwa kuwa kipo, anajiuliza hivi huu ucheleweshaji umewekwa kwa ajili ya hadithi au kwa ajili yangu nifungue pochi? Hana namna ya kujua. Hiyo shaka ndo inayoua raha, na inamkuta hata asiyenunua, tena yeye ndo inamuuma zaidi.

Afu kuna wale wanaosema kama watu hawafurahii mbona wanakesha? Jamani, kukesha sio ushahidi wa kufurahi. Mwanasaikolojia Skinner na njiwa wake walishaonyesha zamani sana, kabla ya gemu lolote la video kuuzwa dukani, kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio inamfanya kiumbe adonoe kitufe muda mrefu sana hata zawadi zikikatika. Hakuna aliyesema wale njiwa walikuwa na furaha. Na 1971 mwanasaikolojia mwingine, Edward Deci, alichukua wanafunzi wakacheza fumbo la vipande, baadhi akawalipa kwa kila walichotatua, malipo yalipoondolewa hao waliolipwa wakalishika lile fumbo muda mfupi kuliko walivyolishika mwanzo, wakati wenzao ambao hawakulipwa hawakupoteza hamu hivyo. Mi nikisoma hiyo nazifikiria misheni za kila siku. Ingia leo, ua watano, chukua zawadi, kesho tena, ukikosa imepotea. Taratibu unaacha kuingia kwa kuwa unapenda, unaingia kwa kuwa kuna kitu kitapotea, na siku ile zawadi ikikoma unagundua huna hamu na gemu lenyewe.

Ndo maana pasi za msimu zenye kuisha muda, zile unazolipia afu unasota kufungua zawadi zake kabla msimu haujaisha, mi naziweka kundi moja na maboksi ya bahati nasibu, watu hawazisemi sana ila zinageuza burudani kuwa zamu. Na haikuwa lazima ziwe hivyo. Halo Infinite 2021 pasi zake haziishi, unainunua unaimaliza mwakani ukitaka. Helldivers 2 vivyo hivyo. Msoto upo, saa ya ukutani haipo, na ghafla ule ule msoto unavumilika.

Watengenezaji wanajua haya mambo ya hisia kuliko sisi. World of Warcraft kipindi cha majaribio kabla haijatoka rasmi 2004, mchezaji akikaa muda mrefu pointi zake zilikuwa zinakatwa nusu ili apumzike, wajaribuji wakachukia vibaya sana. Blizzard wakageuza maelezo, ile ya kawaida ikaitwa bonasi ya mapumziko ya asilimia 200 na ile iliyokatwa ikaitwa kawaida, hesabu kimsingi ile ile, malalamiko yakageuka shukrani. Watu wanaojua kiasi hicho jinsi kurudia kunavyohisiwa hawawezi kuniambia uchovu kwenye gemu lenye duka umeingia kwa bahati mbaya.

Kipimo changu ni rahisi, jaribuni na nyie. Chukua gemu unalolisotea, fikiria umepewa bure leo kila unachokitafuta. Ungeendelea kulicheza? Kwa Monster Hunter jibu langu ni ndiyo, maana kumpiga joka lile lile mara ya kumi sio sawa na mara ya kwanza, umeshajifunza mkia unapokuja na wapi pa kusimama, shujaa wako hana hata levo za kupanda, anayekua ni wewe. Kwa Stardew Valley pia ndiyo, wengi wana hela za kutosha mule na bado wanamwagilia. Kuna magemu ya simu jibu ni hapana bila hata kufikiri.

Kwa wanaosema viongezeo vinawasaidia wenye kazi na familia wasio na muda, nina swali moja na nataka jibu la moja kwa moja. Final Fantasy VII iliporudishwa kwenye mashine mpya iliwekewa kitufe cha kuiendesha kwa kasi mara tatu, bure. Bravely Default inakuruhusu kupunguza mapigano ya njiani mpaka sifuri au kuyaongeza mara mbili, bure, unabadilisha muda wowote. Kama nia kweli ni kumhurumia mtu asiye na muda na teknolojia ya kumsaidia ipo miaka yote hii, kwanini huruma hiyo ina bei?